Diski Haitelezi

"Mwanangu, mgongo wangu umesagika na diski imeteleza," alinieleza fundi seremala mmoja baada ya kuitikia shikamoo yangu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei. Alikaa upandeupande ili kalio la kushoto lisiguse kiti. Nilipomwomba anionyeshe panapouma, mgongo hakuugusa. Aliweka kidole kalioni, akakishusha nyuma ya paja, akapita goti na shavu la mguu, akaishia kwenye kidole kidogo. "Kama shoti ya umeme," alisema. "Nikikohoa tu, natamani kulia."

Alikuwa amelala chali wiki tatu, mkewe akimpelekea chakula pale pale alipo. Aliambiwa kwamba diski ikishateleza, hatua moja mbaya inatosha kuing'oa kabisa na kumpoozesha. Aliyemwambia hivyo alimtakia mema, sina shaka. Lakini katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewaona wagonjwa wengi ambao neno hilo limewafunga kitandani kuliko ugonjwa wenyewe, ndiyo maana nataka tulichambue.

Juu ya nyonga, uti wa mgongo una pingili 24: saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno. Kati ya pingili na pingili, kuanzia ile ya pili ya shingoni kwenda chini, kuna diski, zote zikiwa 23. Katikati ya diski kuna ute mzito wenye maji mengi, mororo kama nyama ya dafu changa. Ute huo umezungukwa na nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikatisha lile la chini yake, kama ukili unavyokatishana kwenye mkeka. Nyuzi hizo zimeota na kushikamana na pingili ya juu na ya chini. Diski haina njia ya kuchomoka na kuteleza kama sabuni iliyolowa. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za nyuma huchakaa, hupata ufa, na ute wa ndani huvimbisha ukuta au hutokeza nje kupitia ufa huo. Mara nyingi sana hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa kiunoni, zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote.

Hapo nyuma ndipo mizizi ya neva inapopita. Mizizi kadhaa ya kiunoni huungana kuwa neva moja nene, karibu unene wa kidole gumba, inayopita ndani ya kalio na kushuka hadi unyayoni. Ute uliotoka huikandamiza mizizi hiyo na pia huichokoza kwa kemikali zake hadi ikavimba. Ubongo hauwezi kujua kwamba waya umeguswa kiunoni. Unachosikia ni habari kutoka mguuni. Ni kama kengele ya getini: kidole kinabonyeza nje, mlio unasikika sebuleni. Maumivu hayo ya mguu ndiyo madaktari huyaita siatika. Watu wameyajua tangu kale, ila chanzo chake kilikubalika rasmi mwaka 1934 tu, pale madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipochapisha taarifa za wagonjwa waliopasuliwa na kukutwa na vipande vya diski vimekandamiza neva.

Mguu basi ndio unaosema, na ukiusikiliza vizuri unaeleza mengi. Mama mmoja muuza mihogo alinijia akilalamika kwamba kandambili ya kulia inamtoka njiani bila yeye kujua, mpaka wapita njia wamwite. Nilimwomba atembee kwa visigino. Upande wa kulia, sehemu ya mbele ya unyayo haikuinuka. Ganzi yake ilikuwa juu ya unyayo hadi kidole gumba, dalili ya mzizi wa tano wa kiuno. Yule fundi yeye alishindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto, na ganzi yake ilikuwa ukingo wa nje wa unyayo. Huo ni mzizi unaofuata chini yake. Vipimo hivi havihitaji mashine. Kingine ni kumlaza mgonjwa chali na kumwinua mguu ukiwa umenyooka: shoti ikishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, neva inalalamika.

Kuhusu ile bahasha ya kaki: eksirei haionyeshi diski. Inaonyesha mifupa, na nafasi iliyo kati yake. MRI ndiyo inayoonyesha diski na neva, na ni kipimo kizuri mno pale kinapohitajika, lakini picha yake nayo inaweza kumtisha mtu bure. Mwaka 1994 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliopigwa MRI. Zaidi ya nusu yao, asilimia 52, walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Walikuwa wazima wakiendelea na kazi zao. Kwa hiyo ukisoma kwenye ripoti kwamba diski zako "zimesagika", fahamu kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo inaeleza umri, kama mvi. Picha ina maana inapokubaliana na mguu. Kama picha inasema kulia na mguu unaouma ni wa kushoto, mimi naufuata mguu.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wangu hawaliamini kwa urahisi. Kipande cha diski kilichotoka nje mwili hukiona kama mgeni, hutuma chembe za kinga, na polepole hukimeng'enya. Vile vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo aghalabu hunywea zaidi. Wengi wenye siatika hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hadi 12 bila kisu. Si nafuu ya mstari mnyoofu. Siku mbili nzuri, moja mbaya, na ile mbaya humkatisha mtu tamaa akadhani amerudi mwanzo.

Je, kulala huharakisha? Watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 183 wa siatika makundi mawili: kundi moja lilale wiki mbili, jingine liendelee na shughuli kadiri liwezavyo. Matokeo yalichapishwa 1999. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Kulala hakukuwaongezea kitu. Siku moja au mbili za mwanzo, maumivu yakiwa makali, jilaze kwa jinsi unavyopata ahueni: chali huku miguu ikiegemezwa juu ya mto au kiti, au ubavu na mto katikati ya magoti. Baada ya hapo inuka. Tembea hadi kwa jirani, rudi, pumzika, tembea tena. Safari sita fupi kwa siku hufaa kuliko moja ndefu ya kujikaza.

Zoezi moja maarufu lilianza kwa bahati. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mgonjwa wa mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alilala kifudifudi juu ya kitanda ambacho kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa, mgongo ukapinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi alitarajia kumkuta hoi, akamkuta akisema mguu hajausikia vizuri hivyo kwa wiki kadhaa. Tangu hapo twajua kanuni ninayoitumia kila siku: maumivu yakipanda, yakaacha unyayo na shavu la mguu na kurudi kalioni au kiunoni, ni habari njema hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakishuka zaidi kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo. Lala kifudifudi dakika chache, inuka kwa viwiko, kisha uangalie maumivu yanahamia wapi. Wapo wasiofaa kwa zoezi hili, hasa wazee ambao njia ya neva imekuwa nyembamba na hupata ahueni wakiinama, kwa hiyo mara ya kwanza fanya mbele ya mtaalamu.

Nyumbani kwetu ugonjwa huu una mitihani yake. Choo cha kuchuchumaa ni mateso. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kimewaokoa wengi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hatari kubwa ni ule wakati wa kujitwisha peke yako huku umepinda kiuno. Omba kutwishwa, au beba mbili za lita kumi kwa nyakati tofauti. Ufagio wa chelewa ufungiwe mpini mrefu. Beseni la kufulia lipande juu ya meza au tofali. Mwislamu anayeshindwa kurukuu na kusujudu ameruhusiwa kuswali ameketi, na akizidiwa, hata amelala. Hakuna haja ya kujiumiza kwa kuona haya mbele ya safu. Vijana wa bodaboda nawaambia washuke na kunyoosha mgongo kila wanapomshusha abiria, maana kukaa kwa muda mrefu juu ya chombo kinachotetemeka ndiko kunakowamaliza.

Kuchuliwa na mafuta ya moto hulegeza misuli iliyokaza, na sioni ubaya wake. Kukanyagwa mgongoni au kuvutwa miguu kwa nguvu na wawili ndiko ninakokataza. Chuku na chale hazifiki kwenye diski, na wembe uliotumika kwa mwingine hubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mkanda wa kiuno hufaa siku chache za kazi nzito, lakini usivaliwe kama nguo ya kila siku. Vidonge vya diklofenaki navyo vinatuliza kwa muda, lakini nimekutana na watu wanaovinunua duka la dawa miezi sita mfululizo, wenye presha na vidonda vya tumbo. Figo zinaweza kulipa gharama hiyo. Vitamini B zinazoitwa "za mishipa" humfaa mwenye upungufu wa vitamini hizo. Ute uliotoka hazirudishi. Na sindano ya kalio ikichomwa pasipofaa inaweza kuijeruhi neva ile ile tunayotaka kuiponya.

Upasuaji upo, hapa Tanzania pia, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni miongoni mwa wanaoufanya. Daktari huondoa kile kipande kinachokandamiza neva, diski iliyobaki inaachwa mahali pake. Watu huuogopa kupita kiasi, wengine huutamani kupita kiasi. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa 2007, uliwafuatilia watu 283 wenye siatika kali ya wiki sita hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona, ingawa asilimia 39 ya wale walioanza kwa kusubiri waliishia kupasuliwa. Maana yake ni kwamba wengi wana nafasi ya kuchagua: mwenye kazi isiyoweza kungoja na maumivu yasiyompa usingizi ana haki ya kuchagua kisu, na anayeweza kuvumilia ana haki ya kungoja.

Wapo wasio na nafasi hiyo, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, haja kubwa ikikuponyoka, ganzi ikikamata sehemu za siri na mahali panapogusa tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikianza kulegea, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Fungu lote la neva za chini limebanwa, na ucheleweshaji wa siku mbili tatu unaweza kukuacha hivyo maisha yako yote. Watu wetu huona aibu kuyataja haya. Mwambie muuguzi wa mapokezi maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Unyayo unaozidi kulegea siku hadi siku, kama wa yule mama wa mihogo, nao usikae nyumbani. Yeye nilimwandikia rufaa kwa daktari wa upasuaji jioni ile ile.

Tena si kila maumivu ya kiuno ni diski. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda hunifanya niwaze kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa mfugaji anayekunywa maziwa mabichi nawaza bruselosi. Mzee wa kiume ambaye mifupa inamuuma hata akilala anahitaji kupimwa tezi dume. Kinyume chake pia hutokea: wanaume wengi wa pwani wenye siatika huja wakiwa wamekwisha kutibiwa ngiri mwaka mzima, na siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwainua mguu.

Yule fundi aliacha kulala mchana kuanzia siku ile. Juma la kwanza alitembea hadi msikitini na kurudi, akisimama mara tatu njiani. Juma la tatu maumivu yalikuwa yamepanda juu ya goti. Baada ya mwezi na nusu alirudi karakanani, akainua meza yake ya kurandia kwa matofali mistari miwili ili asiiname. Kidole kidogo bado kina ganzi. Neva iliyojeruhiwa hukua kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu mita nzima. Nilimpa kazi ya kuugusa unyayo kwa unyoya wa kuku kila Ijumaa na kuchora kwa kalamu mpaka wa ganzi. Mwezi Mei mpaka ulikuwa kifundoni. Ijumaa iliyopita ulikuwa umefika shina la kidole.