Makerere: Lango Moja, Njia Nyingi

Katika viwanda na mashamba yetu makubwa, mzazi anayejinyima ili mtoto asome ana swali moja moyoni: akifika Chuo Kikuu, atakuwa nani? Wengi wetu tunajibu upesi: daktari, mwanasheria, au bwana mkubwa wa ofisini. Akitoka na shahada ya lugha au historia, tunaona fedha zimepotea bure. Safari hii tunatupia macho nchi jirani ya Uganda, kwenye kilima cha Makerere mjini Kampala, tuone waliopita pale walielekea wapi.

Kwanza, ndugu wafanyakazi, tujue kwamba chuo hicho hakikuanza na majoho. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye yakaongezwa mafunzo ya udaktari, kilimo, utabibu wa mifugo na ualimu. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1945. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Randa na msumeno ndivyo vilivyotangulia, shahada zilifuata.

Sasa tutazame watu. Hayati Julius Nyerere alisomea ualimu pale kuanzia 1943 hadi 1945. Alifundisha Tabora na baadaye Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha kazi ya shule ili aongoze TANU. Hata alipokuwa Rais, watu waliendelea kumwita Mwalimu. Mwai Kibaki alimaliza masomo ya uchumi mwaka 1955. Alifanya kazi katika kampuni ya mafuta, akasoma tena Uingereza, akarudi Makerere kufundisha, kisha akaacha uhadhiri ili akitumikie chama cha KANU. Alikuwa Rais wa Kenya kuanzia 2002 hadi 2013, na mwaka 2003 serikali yake ilifuta karo ya shule za msingi. Milton Obote naye aliondoka Makerere bila shahada, akaenda Kenya kutafuta riziki kama kibarua, karani na muuzaji. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Uganda huru.

Mfano unaotufundisha zaidi ni wa vijana wawili waliosoma somo moja, Kiingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Benjamin Mkapa akawa mhariri wa magazeti, balozi, waziri, na Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005. Serikali yake ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na watoto wetu wengi wakaingia darasani. Serikali hiyo hiyo iliuza mashirika mengi ya umma, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi.

Mwenzake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawa mwandishi na mhadhiri. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu. Waigizaji walikuwa wanakijiji wenyewe: vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wasio na kazi. Wanakijiji hao walijenga jukwaa kwa mikono yao na kuyasahihisha maneno ya mchezo palipokuwa na makosa. Baada ya wiki chache serikali iliupiga marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Tunajifunza nini? Somo si reli inayompeleka kila abiria kituo kimoja. Chuo humpa kijana zana: kupima hoja, kusoma hesabu, kuandika waziwazi, na kuishi na wenzake wa makabila na nchi nyingine. Lakini zana haichagui kazi yake. Panga moja hukata mkonge na hukata mtu. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, amewaibia.

Basi tusimlazimishe mtoto kufuata cheo tulichokiota sisi. Tumuulize atakachosoma kitamfaa nani. Na matawi yetu yawaite vijana hawa wanaporudi likizo. Aliyesoma uchumi atusomee mahesabu ya kampuni kabla hatujakaa mezani kujadili mishahara. Aliyesoma sheria atueleze mkataba kifungu kwa kifungu. Aliyesoma lugha afundishe darasa la jioni. Jasho letu limo katika kila shahada, na tuna haki ya kulidai tunda lake.