Sifa ya Mtu Si Ushahidi

  Wewe uliye darasani, fungua daftari lako, maana leo tutaandika kidogo. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, soma polepole. Hakuna anayekukimbiza.

Somo la leo ni zito, nalo lina maswali mawili. Swali la kwanza: Yawezekanaje mtu akawadhuru watoto wa wenzake kwa miaka mingi, naye akaendelea kusifiwa na majirani? Swali la pili: Yawezekanaje kijana akapotea, wazazi wake wakaenda polisi mara nyingi, lakini asitafutwe? Maswali haya ni ndugu. Tukiendelea utaona kwa nini.

Mfano wetu tutautoa Marekani, kwa sababu mambo yake yalichunguzwa, yakafika mahakamani, na yakaandikwa. Lakini usiseme, "Hayo ni ya huko kwao." Wazee wetu walikwisha kusema: Kikulacho ki nguoni mwako.

MTU ALIYESIFIWA

Katika miaka ya 1960, katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa, alikaa mtu aitwaye John Wayne Gacy. Alikuwa meneja wa mikahawa ya baba mkwe wake. Tena alikuwa mwanachama hodari wa chama cha vijana wenye kujitolea kwa kazi za mji. Watu walimpenda kwa bidii yake.

Mwaka 1968 mvulana mmoja alieleza kwamba Gacy alimnajisi. Wengi katika chama chake hawakusadiki. Walisema, "Mtu mwema kama huyu?" Gacy naye akamwahidi kijana mwingine fedha ili ampige yule mvulana, asitoe ushahidi. Mvulana alipigwa, lakini hakunyamaza. Gacy alikiri kosa la kulawiti, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Katika Juni 1970, baada ya miezi kama 18 tu, aliachiwa kwa masharti.

Akahamia upande wa Chicago, katika jimbo la Illinois, mahali ambapo wengi hawakujua habari zake. Alinunua nyumba Norwood Park, akaanzisha kazi ya kujenga na kukarabati majumba. Alifanya karamu kubwa na kuwaalika majirani. Alijipaka rangi usoni na kuvaa mavazi ya kuchekesha, akawafurahisha watoto. Alikuwa mjumbe wa chama cha Democratic katika eneo lake. Tarehe 6 Mei 1978 alipigwa picha akishikana mkono na Bibi Rosalynn Carter, mke wa Rais wa Marekani.

Sasa sikiliza vizuri. Siku ile picha ilipopigwa, maiti za vijana wengi zilikuwa tayari zimefichwa chini ya sakafu ya nyumba ya mtu huyo. Alianza kuua mwaka 1972.

Je, waliomsifu walikuwa watu wabaya? Hapana. Mke wa Rais hakujua lolote. Majirani walikula karamu kweli, na watoto walicheka kweli. Kosa lilikuwa mahali pengine. Watu walichukua jambo waliloliona mchana, wakalifanya jibu la jambo wasiloliona usiku. Lakini karamu ni ushahidi wa karamu tu. Haituambii mwenye nyumba anafanya nini wageni wakiisha kuondoka.

WATU WASIOSIFIWA

Tumeona upande mmoja wa mizani. Sasa tutazame upande wa pili, yaani wale waliodhurika. Walikuwa wavulana na vijana wa kiume. Wengine walikuwa vibarua wake. Wengine walikuwa wametoka kwao kutafuta maisha. Baadhi yao waliishi maisha ambayo watu wengi waliyadharau. Neno lao lilikuwa jepesi, na neno la Gacy lilikuwa zito, hata kabla ya mtu kuuliza swali moja.

Mwaka 1975 alipotea kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Gacy. Kabla ya kupotea, alikuwa amekwenda kumdai mshahara wake. Gari lake lilikutwa limeachwa, na pochi yake imo ndani, na ufunguo uko mahali pake. Polisi walimwuliza Gacy, naye akajibu kwamba walipatana na kijana akaenda zake. Ikasemwa kwamba kijana ametoroka nyumbani. Wazazi wake waliwapigia polisi simu zaidi ya mara 100 katika miaka iliyofuata, wakiwaomba wamchunguze mtu yule. Hebu fikiri: Mtu anayetoroka huacha pochi na gari lake? Neno "ametoroka" lilifunga mlango, na mlango ule ulikaa umefungwa miaka mitatu.

Mwishoni mwa 1977 kijana wa miaka 19 aliwaeleza polisi kwamba Gacy alimteka kwa bastola, akamtesa na kumnajisi. Gacy alisema kwamba kijana alikubali mwenyewe. Mwendesha mashtaka hakumshtaki.

Machi 1978 kijana mwingine, wa miaka 26, alitekwa, akateswa, na kutupwa bustanini. Polisi hawakuendelea mbali na kesi yake. Basi yeye mwenyewe, pamoja na rafiki zake, alikwenda kungoja kando ya barabara aliyoikumbuka, mpaka akaliona gari la yule mtu likipita. Wakalifuata hadi nyumbani kwake. Kwa hiyo aliyeumizwa ndiye aliyefanya kazi ya kupeleleza. Gacy alikamatwa Julai kwa kosa la shambulio, akaachiwa kungoja kesi. Aliendelea kuua.

KARATASI ZISIZOKUTANA

Kuna sababu ya tatu iliyomsaidia, nayo inatuhusu sana sisi tunaojifunza kuandika. Februari 1971 Gacy alishtakiwa Chicago kwa kumshambulia kijana. Siku ya kesi mlalamikaji hakufika, na kesi ikafutwa. Wakati huo Gacy alikuwa bado chini ya masharti ya Iowa, lakini wakuu wa Iowa waliomwachia hawakuarifiwa. Karatasi moja ilikaa Iowa, nyingine Chicago. Kila afisa aliona kipande kimoja, na kipande kimoja hakionyeshi sura ya mtu.

Unaijua methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari"? Basi na mtu ni hivyo hivyo.

USIKU WA DESEMBA 11, 1978

Siku hiyo, katika mji wa Des Plaines, mvulana wa miaka 15 alikuwa kazini katika duka la dawa. Mama yake alikuja kumchukua. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mama huyo, na nyumbani walikuwa wakimngoja. Mvulana akamwambia mama yake angoje kidogo, kuna kontrakta nje anataka kusema naye juu ya kazi. Akatoka, asirudi.

Familia ilimtafuta, kisha usiku ule ule ikaenda polisi. Huyu alikuwa mtoto aliyejulikana kuwa hatoroki, na mwenye duka aliweza kumtaja kontrakta. Safari hii polisi hawakusema, "Ngojeni." Waliuliza jina la Gacy katika kumbukumbu, wakakuta kifungo cha Iowa na kesi ya Chicago. Karatasi zilikutana. Siku mbili baadaye walipekua nyumba yake.

Katika takataka za jikoni walikuta kijikaratasi, stakabadhi ya picha iliyotoka katika lile duka la dawa. Msichana aliyefanya kazi pamoja na yule mvulana alikuwa ameazima koti lake siku ile, akaiweka stakabadhi yake mfukoni. Stakabadhi ilikuwa na namba. Gacy alikuwa na sifa, mali, marafiki, na picha na mke wa Rais. Lakini kijikaratasi kile chenye namba kilionyesha kwamba koti la mvulana lilifika nyumbani kwake.

Gacy alikasirika, akawashtaki polisi kwamba wanamsumbua mtu mwema. Nao hawakuacha. Tarehe 21 Desemba walipekua tena, wakachimba katika nafasi nyembamba iliyo kati ya sakafu na ardhi. Humo zilipatikana maiti 26. Nyingine 3 zilikuwa mahali pengine katika kiwanja chake, na 4 zilipatikana mtoni. Jumla ni 33. Mvulana wa duka la dawa alipatikana mtoni Aprili 1979. Machi 1980 mahakama ilimtia Gacy hatiani kwa mauaji yote 33, naye aliuawa kisheria kwa sindano ya sumu, Mei 1994.

WALIOBAKI BILA MAJINA

Lakini hukumu haikumaliza habari. Kati ya wale 33, wengine 8 hawakujulikana ni nani. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota alikuwa na mwana wa miaka 16 aliyempigia simu kutoka Chicago mwaka 1976, kisha kimya. Mwaka 1979 alihofu kwamba mwanawe yumo miongoni mwa maiti zile. Hakuwa na karatasi za daktari wa meno za kulinganisha, basi akarudi bila jibu.

Mwaka 2011 mkuu wa polisi wa wilaya ya Cook, Tom Dart, aliifungua kazi hiyo upya. Aliwaomba watu waliopotewa na vijana wa kiume miaka ile watoe mate yao, ili vinasaba vyao vilinganishwe na mifupa. Vinasaba ni alama ndani ya mwili ambazo mtoto huzirithi kwa wazazi. Kwa njia hiyo mmoja alitambuliwa mwaka 2011, na mwingine mwaka 2017. Huyo wa 2017 alikuwa yule mwana wa Minnesota. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Wa tatu alitambuliwa mwaka 2021. Tena, katika kutafuta huko, watu wengine waliodhaniwa wamekufa walionekana wako hai. Watano walibaki bila majina.

Jimbo la Illinois nalo lilijifunza. Zamani polisi walingoja saa 72 kabla ya kuanza kumtafuta mtoto aliyepotea. Sheria ya mwaka 1984 iliondoa kungoja huko.

SISI TUFANYE NINI?

Sasa, ndugu, somo hili lisiishie masikioni. Andika mambo haya manne katika daftari lako.

Moja. Mtoto akisema ameumizwa, msikilize mpaka mwisho, hata kama anayemtaja ni mtu mkubwa, mwalimu, mzee wa dini, tajiri au ndugu yako. Usianze kwa kusema, "Haiwezekani."

Mbili. Mtu akipotea, toa habari polisi siku ile ile. Taja kile alichokiacha: fedha, viatu, simu, vyeti. Vitu hivyo husema kama mtu alikusudia kusafiri au hakukusudia.

Tatu. Andika. Andika tarehe, saa, mahali, jina la aliyeonwa naye mwisho, na namba ya gari. Andika pia jina la askari aliyekupokea, na uombe namba ya taarifa yako. Usipojibiwa, rudi, na ukirudi, rudi na daftari.

Nne. Usihukumu kwa uvumi. Kama sifa njema si ushahidi, basi sifa mbaya nayo si ushahidi. Hatusemi kila mwenye karamu ni mwovu, wala hatusemi watu wamvamie mtu kwa mawe. Tunasema hivi: Kila mtu na aulizwe swali lile lile, mkubwa na mdogo, na jibu lake lipimwe kwa mizani ile ile.

Watu wengi walimwona Gacy kwa nyakati mbalimbali. Walichokosa ni mtu wa kuyaweka maneno yao pamoja na kuyaamini hata ayachunguze. Wewe unayeweza kuandika mstari mmoja wenye tarehe na jina, una chombo ambacho kinaweza kumrudisha mtu nyumbani, au angalau kumrudishia jina lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini neno "ametoroka" liliwadhuru wazazi wa kijana wa mwaka 1975?
2. Stakabadhi iliwaonyesha polisi jambo gani ambalo sifa za Gacy hazikuweza kulificha?
3. Taja tofauti iliyopo kati ya uvumi na ushahidi.

KAZI YA KUANDIKA

Andika taarifa ya mistari mitano juu ya mtu aliyepotea. Mtu awe wa kubuni. Mstari wa kwanza uwe jina lake na umri wake. Wa pili, mavazi yake. Wa tatu, mahali na saa alipoonwa mwisho. Wa nne, aliyekuwa naye. Wa tano, vitu alivyoviacha nyumbani. Kisha msomee mwenzako kwa sauti, naye akuambie kama angeweza kumtambua mtu huyo njiani.