Saa ya Darasa Hufuata Maji

Katika visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo, siku haikuzoea kupimwa kwa saa ya ukutani. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mvuvi wa Chovae aendaye na maji ya alfajiri, baada ya juma moja maji yayo hayo humkuta karibu na adhuhuri. Basi mtu wa hapo anayeazimia kusoma lugha ngeni kila jioni saa kumi kamili, azma yake haifiki juma la pili. Huitwa mvivu bure.

Jambo hili halikuwa dogo. Tarehe 21 Oktoba, 1972, serikali ya Somalia ilitangaza hati ya Kilatini kwa lugha ya Kisomali, na tangu 1973 lugha hiyo ikawa ndiyo ya ofisi. Mwaka 1974 shule za sekondari zilifungwa, wanafunzi wakatumwa mashambani kufundisha kusoma na kuandika. Kwa Mbajuni, aliyelelewa kwa Kibajuni, kazi ilikuwa mbili: herufi na lugha yenyewe. Nazo herufi zilikuwa na hila. Ramani za Kiitalia ziliandika Chisimaio, na ch hiyo ilisomwa k. Katika hati mpya x ilisomwa kama h ya Muhammad katika Kiarabu, kama katika xeeb, yaani pwani. Na c ilikuwa ain, kama katika caano, maziwa. Asiyejua alilazimika kutafuta wa kumsomea karatasi yake, na siri ya nyumba ikawa ya watu wawili.

Dawa yake watu wa pwani walikwisha kuwa nayo chuoni. Mtoto husoma kwanza aya za jana, ndipo aandikiwe za leo ubaoni. Ni kidogo, lakini ni kila siku. Mtu mzima naye afungamanishe somo na jambo lisilokosekana nyumbani, si na saa: baada ya sala ya isha, au wakati wa kushona wavu. Mama na asome maneno matano chungu kikiwa motoni. Siku moja ikipotea, ya pili isipotee; asilipize kwa kusoma usiku kucha, maana kesho yake atachoka na kuacha kabisa.

Baada ya vita vya 1991, Wabajuni wengi walivuka kwenda Kenya, na baadhi yao wakafika Ulaya. Huko kazi za zamu hubadilika kama maji, na kanuni ni ile ile, iwe mtu anajifunza Kiingereza au Kifaransa. Lakini lipo na jingine. Huko Uingereza, wengi walioomba hifadhi walipimwa kwa usemi wao, ili ijulikane kama kweli wametoka visiwani. Kwa hiyo mzazi mwenye daftari la lugha ya kigeni mezani hana budi kuwatengea wanawe wakati wa Kibajuni, labda wakati wa chakula cha usiku, wote wakiwa wameketi.