Kahawa ya Bei Rahisi: Ijaribu Nyumbani

Ndugu mkulima, ukinunua pakiti ya kahawa ya kusagwa Dagoretti Corner, kwenye Barabara ya Ngong, wataka kujua kama ni kahawa tupu. Urahisi wa bei si kosa: mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, huuzwa rahisi kuliko kahawa ya kuoshwa. Lakini ziko zinazochanganywa na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa.

Jaza gilasi maji baridi, nyunyiza kijiko kidogo juu, usikoroge. Kahawa huelea kwa kitambo. Chikori huzama upesi na kuacha mistari ya kahawia majini.

Chikori si sumu. Ila kila kijiko chake kilicholipiwa bei ya kahawa ni kijiko cha mkulima kisichouzwa.