Je, Wajua? Chupa Mbili, Jina Karibu Moja

Je, wajua kwamba mama wa Munigi, kando ya Goma, anayemtuma mtoto "uniletee javel" anataja kijiji cha Ufaransa? Javel kilikuwa kijiji kando ya mto Seine. Leo ni mtaa wa Paris. Huko, katika miaka ya 1780, ndiko yalikotengenezwa maji ya kung'arisha nguo kutokana na ugunduzi wa mkemia Claude Louis Berthollet. Jina likawa la watu wote, na neno la wote hakuna kampuni inayoweza kulimiliki. Ndiyo maana dukani kila chupa imeandikwa Javel, na tofauti yote imo katika neno dogo la pembeni ambalo wengi hatulisomi.

Nenda Nairobi, utasikia "jik". Hilo si jina la dawa bali ni alama ya biashara ya kampuni ya Reckitt, ingawa mitaani huitwa hivyo chochote kinachotoa madoa. Omo nayo ni hivyo hivyo: kwetu ni sabuni yoyote ya unga. Ilisajiliwa Uingereza mwaka 1908, na inasemekana ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya bundi mama mzee.

Je, wajua kwamba Persil moja ina wenyewe wawili? Ujerumani, ilikozaliwa mwaka 1907, ni ya Henkel. Uingereza na Ufaransa ni ya Unilever. Ndugu wawili, mmoja Berlin na mwingine London, wanaweza kusifia sabuni ya jina moja kumbe kila mmoja anafulia ya kampuni yake. Ulinzi wa jina hukomea mpakani: aliyesajili Kinshasa hajasajili Gisenyi ya Rwanda, hata kama kutoka Goma unavuka kwa miguu.

Sheria ya Kongo kuhusu mambo haya ni ya tarehe 7 Januari 1982. Usajili hudumu miaka 10, kisha unahuishwa.

Je, wajua kwamba "Safi" ni jina dhaifu kwa sabuni? Linaeleza kazi ya bidhaa, na kila mtengenezaji ana haki ya kusema sabuni yake inasafisha. Monganga, sabuni ya Marsavco ya Kinshasa, imechagua vizuri zaidi: kwa Kilingala ni daktari, na sabuni si daktari.

Wanasheria wanapopima kama majina mawili yanafanana mno, hawayaweki sambamba mezani. Wanamfikiria mnunuzi wa kawaida, aliyeiona chupa wiki iliyopita na sasa anakumbuka rangi ya kifuniko na mlio wa jina tu. Naona kipimo hicho ni cha haki, kwa maana sokoni ndivyo tunavyonunua.

Na kwa Munigi kuchanganya chupa si jambo la wafanyabiashara peke yao. Julai 1994 kipindupindu kiliwashika hapa wakimbizi kutoka Rwanda; katika mwezi wa kwanza, kandokando ya Goma, walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuhara. Mwaka 2019 Ebola ilipoingia Goma, kituo cha matibabu kilikuwa Munigi, na kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini: 0.05% kwa mikono, 0.5% kwa sakafu na vyombo.

Nguvu hizo hupatikana pia kwa javel; sasa piga hesabu. Kupata 0.5% kutoka chupa ya 5%, kikombe kimoja cha javel huchanganywa na vikombe tisa vya maji. Kwa chupa ya 3.5%, maji ni vikombe sita. Kwa ya 2.5%, vinne tu. Aliyezoea chupa kali, akauziwa inayofanana nayo lakini hafifu, akaongeza vikombe vyake tisa, amepaka sakafu ya mgonjwa nusu ya dawa inayotakiwa. Harufu itakuwepo, na ataamini kazi imekwisha.

Je, wajua kwamba digrii zinazoandikwa kwenye javel si za joto? Digrii moja ni karibu gramu 3.2 za klorini kwa lita, kwa hiyo digrii 12 ni karibu 3.8%. Soma namba hiyo kabla ya jina, kisha tarehe ya kutengenezwa. Ukikuta javel imemiminwa katika chupa ya maji inayoonyesha ndani, imeanikwa juani bila namba wala tarehe, nguvu yake inazidi kupungua hapo hapo ilipo.