Kutetea Uhai Bila Kunukuu Aya

Kila mwezi wa Januari, maelfu ya Wamarekani hukusanyika jijini Washington kuandamana kupinga uavyaji mimba. Maandamano hayo yalianza mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuamua, katika kesi ya Roe v. Wade, kwamba mwanamke ana haki ya kikatiba ya kuavya mimba. Uamuzi huo ulibatilishwa Juni 2022, lakini maandamano hayajakoma.

Aghalabu watu huyachukulia maandamano hayo kuwa ya makanisa tu. Dhana hiyo si sahihi. Miongoni mwa wanaopanga safari ya kwenda huko, na kuhudhuria makongamano ya kutetea uhai, ni kundi liitwalo Secular Pro-Life, lililoanzishwa mwaka 2009. Kundi hili halijinasibishi na dini yoyote. Wenzao wanapobeba rozari, wao hubeba hoja za biolojia na haki za binadamu.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Si mwanasheria wala kasisi. Kinachonivutia ni lugha ambayo watu hawa hulazimika kuitumia. Asemaye "Mungu amekataza" huwatosheleza wanaoshiriki imani yake, asiyeamini hajajibiwa. Asiye na aya ya kunukuu hana budi kutoa sababu ambayo hata mpinzani wake anaweza kuipima. Mwanafalsafa Don Marquis alifanya hivyo mwaka 1989 alipodai kwamba kuua ni kosa kwa kuwa humnyang'anya anayeuawa mustakabali wake, na kwamba mustakabali huo upo hata kabla ya kuzaliwa. Judith Jarvis Thomson naye, mwaka 1971, alikubali kwa ajili ya mjadala tu kwamba kijusi ni mtu, kisha akashikilia kwamba haki ya kuishi haimpi mtu haki ya kuutumia mwili wa mwenzake. Wawili hao wanapingana, lakini msomaji wa imani yoyote anaweza kuwapima.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Twasema "kifaru amekufa", wala si "kifaru kimekufa", kwa sababu kifaru ni kiumbe hai. Je, tuseme "kijusi kinakua" au "kijusi anakua"? Tofauti ni silabi moja, lakini msemaji amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutoa hoja. Ndivyo ilivyo pia kati ya "kutoa mimba" na "kuua mtoto".

Suala hili ni letu pia. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa nchini waliipinga Katiba, kifungu cha 26 kikiwa miongoni mwa sababu zao. Kifungu hicho chasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha chakataza kuitoa isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Sheria hiyo humgusa msichana Mwislamu, Mkristo na asiye na dini kwa uzito uleule.

Basi walimu wenzangu, mdahalo huu unapozuka darasani, tusiuzime kwa aya wala kwa matusi. Tumtake kila mwanafunzi, awe upande wowote, atoe sababu ambayo jirani yake wa imani nyingine anaweza kuipima. Hoja hujibiwa kwa hoja.