Je, Wajua? Jembe la Waokinawa, Sufuria la Wathai

Sogea, sogea kidogo, nafasi ipo! Leo nina habari za watu wa aina mbili waliovuka bahari kusaka riziki: Waokinawa, wenyeji wa visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, na Wathai wa Thailand. Wengi walitoka kwao mfukoni hamna kitu. Njia ambazo pesa ilipitia mpaka ikawafikia ndizo zitakazokuacha mdomo wazi.

Je, wajua kwamba mwaka 1929 fedha zilizotumwa nyumbani na Waokinawa wa ughaibuni zililingana na asilimia 66.4 ya mapato yote ya serikali ya mkoa wao? Naam, 66.4! Mkata miwa wa Hawaii na mchuma kahawa wa Brazil walikuwa wakituma nyumbani fedha zinazokaribia theluthi mbili ya mapato ya hazina ya mkoa.

Na Wathai? Wanatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 8 kwa mwaka. Ila hesabu hizi usizipambanishe moja kwa moja, kwani ile ya Okinawa ni ya bajeti ya mkoa. Ukiziweka hizo bilioni 8 kwenye uchumi mzima wa Thailand, hazifiki hata asilimia 3. Tena Thailand yenyewe inaajiri wahamiaji kwa mamilioni, kutoka Myanmar, Kambodia na Laos! Inapeleka watu na kupokea watu kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba Waokinawa wa kwanza kwenda Hawaii walikuwa 26 tu? Wanaume watupu. Waling'oa nanga Naha Desemba 1899, wakatua Honolulu Januari 1900, wakapelekwa moja kwa moja kwenye shamba la miwa la Ewa. Aliyewapigania waruhusiwe kuondoka ni Toyama Kyuzo, mtu wa kijiji cha Kin, ambaye mpaka leo anaitwa baba wa uhamiaji wa Okinawa.

Kwa nini wakati ule hasa? Sikiliza. Kabla ya 1899 mkulima wa Okinawa hakuwa na shamba lake binafsi. Ardhi ilikuwa ya kijiji na iligawanywa upya kila baada ya miaka kadhaa. Kati ya 1899 na 1903 serikali ya Japani ikawapa watu hati za kumiliki. Mara moja shamba likawa kitu cha kuuza au kuwekwa rehani, na nauli ya meli ikapatikana!

Kule Hawaii walifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kila mmoja alipewa kipande cha chuma chenye namba, na kwenye daftari la mishahara namba ndiyo ilikuwa jina lake, kama manamba wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Mwaka 1909 mkata miwa aliyetoka Japani alilipwa dola 18 kwa mwezi, na Mreno aliyefanya kazi ileile akalipwa dola 22.50. Unashangaa kusikia kwamba mwaka huohuo watu wapatao 7,000 waligoma?

Sasa tuingie kwa nguruwe, na hapa nitakaa kidogo, maana kisa hiki nakipenda mno.

Miongoni mwa Wajapani wa Hawaii, Waokinawa ndio waliodharauliwa kuliko wote. Walichekwa kwa sababu walifuga nguruwe na kupita mikahawani wakikusanya makombo ya kuwalisha. Lakini vita vya pili vya dunia vilipofika, visiwa vikajaa askari wenye njaa. Ghafla mwenye nguruwe akawa mtu mwenye pesa!

Huku nyuma, Okinawa ilikuwa imeteketea. Vita vya mwaka 1945 viliua takriban robo ya raia wake. Nguruwe, ambao kabla ya vita walizidi 100,000, walibaki elfu chache tu. Waokinawa wa Hawaii wakachanga karibu dola 50,000, wakanunua nguruwe 550 Marekani bara, wakawapakia melini bandari ya Portland mwaka 1948. Wanaume saba wakajitolea kusafiri na mifugo hiyo kuvuka bahari ya Pasifiki yote, wakiilisha na kuisafisha njia nzima. Piga picha! Miaka michache baadaye nguruwe wa Okinawa walikuwa wamevuka tena 100,000. Waliochekwa kwa ajili ya nguruwe ndio waliorudisha kitoweo nyumbani.

Je, wajua kwamba kijiji kimoja tu cha Okinawa, Oroku, ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya wenye mikahawa wa Kiokinawa Honolulu? Ndugu alimwita ndugu, akamfundisha kukata nyama na kuosha vyombo, kisha akamsaidia kufungua mkahawa wake. Mikahawa ya Zippy's, ambayo kila mtu wa Hawaii anaijua, ilianzishwa mwaka 1966 na ndugu wawili wa ukoo wa Higa wenye asili ya Okinawa. Maduka ya vyakula ya Times yalianzishwa na ndugu wengine wawili, akina Teruya, mwaka 1949. Na mwaka 2014 mjukuu wa wahamiaji hao, David Ige, akachaguliwa kuwa gavana wa jimbo zima!

Lakini angalia muda uliopita. Kutoka Ewa hadi kiti cha gavana ni zaidi ya miaka 110. Tena wale wazee waliozaliwa Japani hawakuruhusiwa kuwa raia wa Marekani mpaka 1952, hata kama walikuwa wamekwishazeekea huko.

Nani alikuwa Mthai wa kwanza kutajirika Marekani? Hutaamini. Ni wawili walioshikana kifuani! Chang na Eng, mapacha walioungana, waliozaliwa Siam (ndiyo Thailand ya leo) katika familia yenye asili ya Kichina. Walifika Boston mwaka 1829, wakazunguka wakilipwa na watu waliotaka kuwatazama. Wakanunua mashamba North Carolina, wakaoa dada wawili, wakapata watoto 21. Na ukweli wote usemwe: waliwamiliki watumwa pia, kama matajiri wengine wa pale.

Baada yao Wathai walibaki kuwa wachache sana Marekani kwa zaidi ya karne moja. Kilichofungua mlango ni sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965. Wakaja manesi, madaktari, wanafunzi, na wake wa askari wa Kimarekani waliokuwa kwenye kambi za ndege za Thailand wakati wa vita vya Vietnam. Umeona tofauti? Mwokinawa alikwenda na mkataba wa kukata miwa; Wathai wengi walikwenda na cheti cha shule au cha ndoa.

Na mpishi wa Kithai alipata wapi mchaichai Los Angeles? Kwa muda mrefu, hakuupata. Mwaka 1971 Pramorte Tilakamonkul akafungua Bangkok Market, duka la kwanza la vyakula vya Kithai nchini Marekani. Bidhaa zilipoadimika, akatafuta wakulima wa kumlimia Mexico. Mikahawa mingapi ilipika kutokana na kapu la duka hilo moja! Mwaka 1999 sehemu ya Hollywood ikatangazwa rasmi kuwa Thai Town, mtaa wa kwanza wa jina hilo Marekani.

Shika hii sasa: mwaka 2002 serikali ya Thailand iliamua kuwa mikahawa ni silaha ya uchumi. Duniani kote kulikuwa na mikahawa ya Kithai ipatayo 5,500. Serikali ikaja na mikopo kupitia benki yake, mafunzo ya wapishi, na hata michoro mitatu ya mikahawa iliyokuwa tayari kuigwa: wa bei nafuu, wa kati na wa kifahari. Leo mikahawa hiyo imepita 10,000! Mkahawa wa Oroku ulijengwa na ndugu akimvuta ndugu. Huu wa Kithai ulisukumwa na wizara. Mimi, nikiulizwa, nasema wa Oroku unanigusa zaidi, lakini hesabu ya wizara inatisha.

Usidhani kila Mthai aliyekwenda alikuta meza imeandaliwa. Tarehe 2 Agosti 1995 polisi walivamia nyumba zilizozungushiwa seng'enge El Monte, karibu na Los Angeles, wakawakuta Wathai 72 wakishona nguo kama wafungwa. Baadhi yao walikuwa humo miaka saba, wakifanya kazi hata saa 17 kwa siku kulipa deni la safari. Walifungua kesi dhidi ya kampuni zilizouza nguo zile na wakapata zaidi ya dola milioni 4. Kilio chao kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya Marekani dhidi ya biashara ya watu, mwaka 2000.

Wewe mwenye ndugu Ghuba, hii ni yako. Miaka ya 1980 Wathai zaidi ya laki moja na nusu walikuwa wakifanya kazi Saudia. Mwaka 1989 mfanyakazi mmoja Mthai akaiba vito kwenye jumba la mwana wa mfalme, kilo kwa kilo, vyenye thamani ya takriban dola milioni 20. Saudia ikafunga mlango wa viza za kazi. Wathai wa huko wakapungua hadi elfu kumi hivi, na uhusiano wa nchi hizo mbili haukurudi sawa mpaka Januari 2022. Mwizi mmoja, miaka 32, na maelfu ya familia zikakosa mshahara wa Ghuba!

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi, kila kiangazi, wakulima wa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, wamekuwa wakipanda ndege kwenda kuchuma matunda ya msituni Uswidi na Ufini, karibu na ncha ya dunia? Walikwenda kwa maelfu. Nauli wengi walikopa, malipo yalikuwa kwa kilo, na matunda yakigoma msimu huo, mtu alirudi nyumbani na deni badala ya pesa.

Malaysia nako Waislamu wa Pattani, Yala na Narathiwat, mikoa ya kusini mwa Thailand, ndio wanaopika supu ya tom yam kwenye vibanda visivyohesabika. Ukila supu hiyo Kuala Lumpur, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkono ulioikoroga ulivuka mpaka.

Nani hutangulia kwenda? Kwa Waokinawa alikuwa mwanamume, kisha akatumiwa picha ya mchumba kwa posta na bibi harusi akafuata kwa meli. Kwa Wathai wa Ujerumani na Uswidi mambo yako kinyume kabisa: zaidi ya robo tatu yao ni wanawake!

Turudi kwa Waokinawa, bado wana maajabu. Meli Kasato Maru ilipofika Santos, Brazil, Juni 1908, ilikuwa na wahamiaji wa mkataba 781, na 325 kati yao ni Waokinawa. Mavuno ya kahawa yalikuwa haba, madeni ya duka la shamba yakawaelemea, wengi wakatoroka. Baadhi walikwenda kujenga reli mpaka Campo Grande, na huko tambi zao za soba zikapendwa hata mwaka 2006 zikatangazwa urithi wa mji. Wabrazil wanazila sokoni kama chakula cha kwao!

Bolivia walianza vibaya zaidi. Mwaka 1954 walipewa hekta 50 kila familia katika pori la Santa Cruz. Homa isiyojulikana ikawaua watu 15, wakahama, wakaanza upya. Leo mji wao unaitwa Okinawa, kabisa, kwenye ramani ya Bolivia, na umepewa sifa ya kuwa mji mkuu wa ngano wa nchi hiyo.

Na gurudumu likageuka. Mwaka 1990 Japani ilibadili sheria, na wajukuu wa wahamiaji wakaanza kutoka Brazil na Peru kwenda kufanya kazi viwandani kule walikotoka babu zao. Mwaka 2009 uchumi ulipoyumba, serikali ya Japani ikawapa wasio na kazi yeni 300,000 kila mmoja warudi Amerika ya Kusini!

Je, wajua kwamba Okinawa na Thailand zilifahamiana kabla ya haya yote? Miaka 600 iliyopita meli za ufalme wa Ryukyu, yaani Okinawa ya kale, zilikuwa zikifanya biashara na Siam. Na awamori, pombe kali ya Okinawa, mpaka leo hutengenezwa hasa kwa mchele mrefu unaotoka Thailand.

Lipo na hili la mwisho, wewe mcheza upatu. Waokinawa wanao wao, wanauita moai. Ndio uliokuwa ukikusanya mtaji wa duka au mkahawa pale benki ilipomfungia mhamiaji mlango. Wathai nao wanauita "share", na mwanachama anayetaka kupokea mapema hutaja riba atakayolipa. Mwenye dau kubwa huchukua. Thailand ina hadi sheria yake, ya mwaka 1991: kijumbe mmoja haruhusiwi kuendesha vikundi zaidi ya vitatu, na wanachama wa vikundi vyote wakijumlishwa wasizidi 30. Haya, wa mtaani kwenu anaendesha vingapi?